Bango la Namba Arobaini

Siku ambayo muuza mabango alipita kwa mara ya kwanza, Bi Sponji alikuwa amepiga magoti juu ya godoro la inchi kumi, akipambana kulirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki baada ya mteja kulilalia, kugeuka mara mbili, kulisifu na kwenda zake bila kulinunua. Kazi hiyo inataka mtu mwenye uzito na mwenye subira, na Bi Sponji alijaliwa vyote viwili. Goti linakandamiza, mkono unavuta, meno yanashika pembe ya plastiki isije ikarudi nyuma. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuitikia salamu, kwa hiyo muuza mabango alimsalimia Bosi.

Bosi alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe mapema ili asionewe. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, hakuwa mgomvi. Alipenda kukaa tu, na alijua kukaa. Kuna watu wakikaa mahali wanaonekana wamepumzika. Bosi akikaa mahali, mahali panaonekana pake. Hakuwahi kuuza godoro hata moja, na bei alizijua kwa kukisia, lakini mtaa mzima ulimwita Bosi na duka ukaliita kwa Bosi. Mteja akishahudumiwa na Bi Sponji, akishabebewa godoro lake na Bi Sponji na kufungiwa kamba na Bi Sponji, huishia mlangoni kumshukuru Bosi.

Duka lilianzishwa na baba yao. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwita binti yake, akamwekea funguo kiganjani na kumkunja vidole juu yake. Chumbani walikuwa wawili tu. Bosi alikuwa safarini, kwenye shughuli ambayo hakuna aliyewahi kuielewa. Tangu hapo Bi Sponji ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni, akabishana na wenye malori, akafukuza panya, akaongeza mito na foronya. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bi Sponji alikuwepo kila siku, na lake halikuwepo vilevile.

Hayo angeweza kuyameza, maana alishayameza miaka mingi, lakini sasa kiwanda cha magodoro kilikuwa kimetangaza kwamba eneo lote lile litakuwa na wakala mmoja. Wakala ndiye atakayeletewa mzigo. Wengine wote watanunua kwake au watafute biashara nyingine. Afisa wa kiwanda angekuja mwenyewe, aone duka, amwandike mwenye duka, basi. Bi Sponji aliwaza afisa akishuka kwenye gari na kuuliza mtaani duka ni la nani. Mtaa ungejibu kwa sauti moja, na wala usingekuwa unadanganya kwa makusudi. Kwa hiyo alipomaliza kulifunga godoro lake alifuta jasho, akamwita muuza mabango ndani na kumwambia anataka jina lake liandikwe kwa taa.

"Chema chajiuza, dada," Bosi alisema kutoka mlangoni.

"Hakijiuzi," alijibu Bi Sponji. "Nakiuza mimi."

Muuza mabango alikuwa kijana mwenye begi la vipande vya mfano, na aliipenda kazi yake. Alivipanga vile vipande juu ya godoro, kimoja kimoja, akavichomeka kwenye umeme.

"Mama, usichague bango kwa uzuri," alisema. "Kwanza jiulize nani atalisoma, akiwa umbali gani. Unaziona hizi punje? Kila punje ni taa. Nafasi kati ya punje na punje ndiyo namba ya bango. Kuna namba nne, kuna sita, kuna kumi, kuna kumi na sita."

Sasa, katika maisha yake yote Bi Sponji hakuwahi kukutana na bidhaa ambayo namba ndogo ni bora kuliko kubwa. Godoro la inchi nne ni la mgeni usiyetaka akae. La inchi sita ni la mwanafunzi. La nane ni la watu wanaojiheshimu, la kumi ni la maharusi, na la kumi na mbili ni la mtu anayetaka majirani wajue. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyolea wateja wake.

"Namba kubwa kuliko zote ni ipi?" aliuliza.

"Kubwa kuliko zote ninalo moja stoo. Arobaini. Lakini hilo lilitengenezwa kwa uwanja wa ndege, wakaghairi. Hilo ni la kusomwa kwa mbali, mama, mbali sana. Ukiwa karibu unaona nukta tu."

"Mbali ndiko ninakotaka lisomwe."

"Kwa mtaa huu nakushauri namba nne. Mtaa wenyewe mwembamba, mtu wa ng'ambo anaweza kukupa chumvi dirishani."

"Umeshawahi kulalia inchi nne?" Bi Sponji alimuuliza.

Muuza mabango alikiri kwamba amewahi.

"Mgongo ulikuwaje asubuhi?"

Alikiri na hilo pia. Basi ikawa arobaini.

Mengine yote Bi Sponji aliyachagua vizuri, na muuza mabango alimsifu. Kwa kuwa mbele ya duka panapigwa na jua la mchana, alitaka mwangaza mkali usiomezwa na jua. Kwa kuwa mtaa una vumbi kiangazi na maji masika, alitaka sanduku lililozibwa pande zote. Nyuma kulikuwa na ukuta, kwa hiyo alitaka bango linalofunguliwa kwa mbele, fundi asije akabomoa nyumba kwa ajili ya punje moja. Alitaka pia lijipunguze lenyewe giza likiingia, majirani wasikose usingizi, maana mtu asiyelala hanunui godoro, anaona halimsaidii. Na maneno yasimame. Yale mabango ambayo maneno hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto hakuyataka kabisa. Alisema mtu mzima hawezi kufukuzana na jina.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: MAGODORO YA BI SPONJI. MWENYEWE YUPO.

Bango lilipowashwa, mtaa ulitoka kuangalia. Ziliwaka nukta nyekundu na nukta nyeupe, kubwa kubwa, zimetawanyika. Kinyozi wa jirani alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa duka la dawa la ng'ambo. Alikunja jicho moja, kisha la pili.

"Dada," alisema, "bango lako limepata surua."

Wengine walijaribu kutoka kwenye kona, wengine wakapanda ghorofani. Hakuna aliyesoma kitu. Mtaa ulikuwa mfupi mno. Lakini mwangaza ulikuwa wa kweli, na ulimwagika wote mlangoni, juu ya kile kiti cha plastiki. Bosi hakuwahi kupendeza vile. Paji la uso linang'aa, shati linang'aa, hata kucha zinaonekana. Kwa mtu aliye karibu, kitu pekee kilichosomeka chini ya bango kilikuwa Bosi.

Bi Sponji alimpigia simu muuza mabango kwa ghadhabu. Muuza mabango alikuja, akaangalia, akachomoa, akachomeka.

"Bango halina kosa, mama," alisema kwa upole. "Mtaa ndio mfupi."

Aliahidi kumletea namba nne mzigo mwingine ukifika. Bi Sponji alirudi ndani na kukaa juu ya godoro la nane, na hasira zake, na aibu yake kidogo, maana alikuwa ameelezwa vizuri kabisa na akajibu kwa mgongo.

Kesho yake alikuja mama mmoja mwenye mkoba na viatu vilivyopauka kwa vumbi. Alikuwa anakaa nchi ya nne kutoka pale. Alisema alikuwa anaosha vyombo, akainua macho dirishani, akaona chini kidogo ya mawingu pameandikwa magodoro ya Bi Sponji, mwenyewe yupo. Kwa kuwa godoro lake lilikuwa limebonyea katikati, alifuta mikono na kuanza safari. Alimsimulia kinyozi hayo yote kwenye kona, na kinyozi akamwelekeza. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Karibu," alisema Bosi.

"Asante. Wewe ndiye mwenye duka, nadhani."

Bosi hakukataa, maana kukataa kungekuwa kumkatisha mgeni tamaa. Bi Sponji alimuuzia godoro la nane, akamfungia kamba ya kubebea, na yule mama akamshukuru Bosi.

Baada yake walikuja wengi. Alikuja fundi mitambo wa meli aliyelisoma bango usawa wa bahari, akalidhania mnara wa kuongozea meli, kisha akajiuliza mnara gani unauza magodoro. Akaja mzee mmoja aliyetoka kunakoanguka theluji; aliikung'uta kofia yake nje ya mlango kwa adabu, na Bi Sponji akapiga deki. Akaja bwana kutoka upande ule wa dunia ambako bado ilikuwa jana. Huyo aliomba bei ya jana, na kwake ilikuwa haki yake, kwa hiyo alipewa. Wote wakiwa kwenye kona walikuwa wanamuulizia Bi Sponji kwa jina. Wote wakifika mlangoni jina linawatoka, wanamwona Bosi amewaka pale kwenye kiti, wanampa mkono.

Mtaa uliwazoea upesi. Mwenye duka la dawa alilalamika tu kwamba wanamzibia mlango, na akaanza kuuza dawa ya malengelenge. Kinyozi aliongeza kiti, kwa sababu watu waliosafiri sana nywele zao huwa ndefu. Hata hivyo alimwonya Bi Sponji asijivunie.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada. Watu wa hapa hapa ndio wako."

"Wa hapa hapa wanasema niko kwa Bosi," alijibu Bi Sponji.

"Si ndiko uliko?" kinyozi alisema, na alishangaa kwa nini amenuniwa.

Afisa wa kiwanda alikuja kabla ya namba nne kufika. Alikuwa mwanamke mwenye sauti changamfu na viatu vya heshima. Mtaa ukiishia, barabara unayoiona ukiwa mlangoni kwa Bi Sponji inanyooka inapita soko, inapandisha kilima mpaka kwenye tangi la maji. Afisa alipiga simu akiwa pale kwenye tangi, ameshuka garini kunyoosha miguu.

"Bi Sponji, nakuona!" alisema. "Jina lako limesimama huko chini, herufi moja moja. Mwenyewe yupo, eh? Hapo umenifurahisha. Basi nimeshakujua kabla sijafika. Nakuja nikuandike."

Bi Sponji alilikumbatia rundo la mito kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kumtamkia neno hilo, nikuandike.

"Karibu sana," alisema. "Ila nakuomba usikate simu. Tuongee mpaka ufike."

Maana alikuwa ameshaanza kuielewa tabia ya bango lake, akaona huenda sauti ikavuka pale macho yanapokwama. Wakaongea. Kwenye mteremko afisa alikuwa bado anamwita Bi Sponji. Walizungumza unene, walizungumza springi, wakakubaliana kwamba sponji ya siku hizi haina uaminifu. Sokoni akaanza kumwita dada. Alipofika kwa kinyozi alisema, "Sikiliza, mhudumu, mwenye duka yupo leo?"

"Mwenye duka ni mimi," Bi Sponji alisema. "Tumeongea njia nzima."

"Aa, ngoja, nimeshamwona, amekaa mlangoni. Nitakupigia baadaye," alisema afisa, akakata simu, akampa Bosi mkono. Bi Sponji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, simu ikiwa bado sikioni.

Hakukubali kirahisi. Aliishusha simu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo kwamba duka hili ni lake, alikabidhiwa na baba yake, na analiendesha yeye. Afisa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Bosi.

"Una dada mwenye uchungu na kazi."

"Bila yeye nisingeweza," Bosi alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Baba aliacha maandishi?"

"Alisema kwa mdomo," alijibu Bi Sponji.

"Basi angekuwepo mwenyewe ningemuuliza," alisema afisa. "Mimi sipendi kumwonea mtu."

"Marehemu yule," Bosi alisema, akakuna kidevu.

Marehemu alikuwa anakuja. Bi Sponji ndiye aliyemwona kwanza, kule juu kwenye tangi la maji, amevaa shati lake la kazini. Ametoka mbali kuliko mteja yeyote, na ni wazi kwamba bango alilisoma vizuri, kwa sababu alikuwa amekinga jua kwa mkono na midomo yake inatembea, kisha akacheka. Alicheka kwa mabega, vile alivyokuwa akicheka zamani, kila binti yake mdogo alipomshinda kukunja mashuka. Akamfungulia mikono yote miwili kutoka kule kule kilimani, akaanza kushuka.

Bi Sponji alimwangalia anavyokuja, moyo umemjaa. Alitaka kukimbia ampokee sokoni, lakini akahofia akiondoka mlangoni afisa ataona mhudumu ametoroka kazi. Kwa hiyo alisimama. Baba alipopita soko mikono yake ilikuwa imeshuka hadi kiunoni. Kwa kinyozi aliitia mfukoni. Kinyozi alimuuliza kama atapita kupunguza nywele, akajibu kwamba huko aliko haziongezeki sana.

"Shikamoo, mzee," afisa alisema. "Samahani kwa kukusumbua, najua umechoka na njia. Hili duka ulimwachia nani?"

Baba aliangalia mlangoni. Taa zilikuwa zinamwagika juu ya kiti.

"Si huyo aliyekaa?" alisema.

"Baba," Bi Sponji alisema. "Funguo ulimpa nani?"

Mzee alimtazama kwa upendo mkubwa, na upendo wenyewe ulikuwa wa kweli.

"Wewe, mama yangu. Nakumbuka mpaka mkono wako ulivyokuwa wa baridi. Nilikupa wewe ili umfungulie mwenzako."

Ilimuuma Bi Sponji mahali ambapo hakuna godoro linalopasaidia. Alikwenda kumletea baba yake maji, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na hakuna mwingine aliyekumbuka. Mzee alikunywa, akampongeza Bosi kwa kulishika duka, akaomba kujaribu lile la inchi kumi na mbili, akapitiwa na usingizi kidogo. Alipoamka alisema huko anakolala hakuna hata sponji, akaaga.

Alipofika kwenye tangi la maji aligeuka. Akasoma bango. Akashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyesahau sufuria jikoni, akaanza kurudi mbio, kadiri ya umri wake. Alipita soko, akampita kinyozi, akafika mlangoni anahema.

"Nimerudia nini?" alimuuliza Bosi.

"Labda kofia," alisema Bosi, na wote wakatafuta kofia, ambayo mzee hakuja nayo.

Akaondoka tena. Kwenye tangi akageuka tena, akashika kichwa tena, akarudi tena. Safari hii alibaki amesimama mlangoni, anamtazama binti yake, kisha akauliza kama mvua zilikuwa nzuri mwaka huu. Mara ya tatu alipogeuka kule juu alisimama kwa muda mrefu bila kushuka. Alikuwa amechoka, na njia yake ilikuwa ndefu. Alipunga mkono taratibu, akavuka kilima. Wakati huo afisa alikuwa ameshamwandika Bosi.

Bosi alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alimkumbatia dada yake.

"Uwakala ni wetu sote, dada. Mimi na wewe kitu kimoja."

Alisema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Mtu akikunyang'anya kwa ubaya unajua pa kumshika.

Namba nne ilifika wiki iliyofuata. Muuza mabango alilishusha lile kubwa, akapandisha dogo, maneno yaleyale. Punje zilikaa karibu karibu, laini, herufi zikatulia. Alipoliwasha, mtaa mzima ulisoma kwa mara moja, hadi watoto walioanza shule juzi. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akamwacha mteja ana nusu kichwa. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Magodoro ya Bi Sponji. Mwenyewe yupo."

Bi Sponji alikuwa amesimama kizingitini. Aliinyoosha nguo yake. Kinyozi alikuja moja kwa moja, akampita, akamshika Bosi mkono na kuutikisa kwa nguvu.

"Bosi, umenifundisha kitu leo. Kumwandika dada yako juu ya duka lako! Wanaume wa siku hizi hawana moyo huo."

Mwenye duka la dawa alimwita mumewe aje ajionee mfano. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisema Bi Sponji ana bahati, wengine ndugu zao hata sabuni hawawanunulii. Bosi aliinua macho, akasoma bango, akasoma tena, na ilionekana wazi kwamba ameguswa.

"Ah," alisema. "Ni jambo dogo tu."

Bi Sponji alimfuata muuza mabango aliyekuwa anakunja nyaya.

"Rudisha lile la arobaini."

"Mama, lakini hili si linasomeka?"

"Limesomeka," alisema Bi Sponji. "Nimeona likisomwa. Nirudishie langu. Huko mbali wameshanizoea."

Muuza mabango hakubishana. Alipandisha ngazi tena, na jioni ile ile surua ilirudi mtaani na watu wakaacha kuisoma.

Asubuhi moja, kabla mzigo wa kiwanda haujafika, Bi Sponji alifunga kitambaa chake kichwani, akamwambia Bosi anatoka mara moja. Hakuwa na kawaida ya kutoka, kwa hiyo Bosi alimuuliza kama anaumwa. Alipita kwa kinyozi, akapita soko, akapanda kilima taratibu, anapumzika kila anapobanwa na pumzi. Hakugeuka njiani. Alitaka alione lote kwa pamoja. Alipofika kwenye tangi la maji alishika kiuno na kugeuka.

Lilikuwa limesimama pale chini, juu ya mabati ya mtaa. MAGODORO YA BI SPONJI. MWENYEWE YUPO. Nyekundu ilikuwa nyekundu, nyeupe ilikuwa nyeupe, jua lilikuwa linalipiga usoni na halikulifanya kitu. Hakuna punje hata moja iliyokuwa imekufa. Alilisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalisoma tena polepole, midomo inatembea. Alifurahi hadi akaona aibu, akatazama huku na huku kama kuna mtu. Kisha akakaa juu ya jiwe na kulia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kitambaa. Alikuwa amechagua vizuri. Mwangaza, sanduku, maneno yaliyosimama, yote alichagua vizuri.

Lori la kiwanda lilimpita likishuka, kwa hiyo naye akainuka akashuka. Kwenye mteremko herufi zilikuwa zimeanza kuachana. Sokoni alibakiwa na neno MWENYEWE peke yake, nalo linatetemeka. Kwa kinyozi zilikuwa nukta.

Mlangoni palikuwa na mgeni, mama mtu mzima mwenye kifurushi cha chakula cha njiani, ametoka mbali. Alikuwa anamweleza Bosi kwamba kuna mtu amemfuata, jina analo kabisa, limemtoka sasa hivi tu. Bosi alikuwa amemwachia kiti chake, maana alikuwa na adabu.

"Pumzika, mama, litarudi," alimwambia. "Halafu dada yangu huyo anakuja. Ananisaidia hapa dukani."

Mgeni alimgeukia Bi Sponji, akamtazama toka kitambaani mpaka miguuni penye vumbi la kilimani.

"Wewe ndiye msaidizi?"

"Karibu, mama," Bi Sponji alisema. "Unataka la inchi ngapi?"